Bushi Mbili za Datsun 240Z: Mpira, Poliurethani au Nailoni?

Usukani wa gari la zamani ukianza kulegea, kwanza tunalaumu matairi. Mimi niliyalaumu nikayabadilisha. Nikazilaumu tairodi, nazo nikazibadilisha. Bado Datsun yangu ilikuwa ikingoja kidogo kabla ya kuitika nikikata kona, na kwenye mwendo wa kilomita 90 ilitaka kusahihishwa kila mara. Fedha nyingi zilikuwa zimekwenda siku fundi mmoja alipolala chini ya gari na tochi yake, injini imezimwa, akaniambia nichezeshe usukani kushoto na kulia polepole.

"Mzee, hebu shuka uje uone mwenyewe," akasema. Tukabadilishana nafasi. Nililoliona ni bomba zima la raki ya steringi likisogea pembeni, milimita tano hivi, kabla magurudumu hayajatikisika.

Raki ya 240Z imefungwa kwenye krosmemba ya mbele kwa klampu mbili, moja kila upande. Kati ya klampu na raki ndipo inapokaa bushi. Hizo bushi mbili ndizo zinazoizuia raki isitembee dereva anapokata kona. Zikichoka, sehemu ya nguvu ya mkono wako inaishia kuisukuma raki badala ya kuyageuza magurudumu. Bushi iliyotolewa kwenye gari langu ilikuwa imevimba, nyeusi inayong'aa. Nilipoibonyeza kwa dole gumba ilibonyea kama halua, na alama ya dole ikabaki. Haikuwa imelika kwa kilomita. Ilikuwa imekunywa oili iliyokuwa ikidondoka kutoka kwenye injini juu yake, na mpira wa kawaida hauvumilii oili.

Natangulia na hilo kwa sababu ndilo linaloamua fedha zako zitakaa au zitapotea. Kama injini inavuja, ziba uvujaji kwanza. Bushi mpya za mpira chini ya injini inayovuja zitarudi kuwa halua.

Kwa nini nijisumbue hivi kwa gari la miaka hamsini? Nissan ilianza kuliuza gari hili Japani mwaka 1969, lakini sisi Afrika Mashariki tulilijua kwa matope na vumbi. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akashinda nalo akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Waliolitunza hadi leo wanastahili spea zinazokaa, na wanastahili kujua wanalipia nini.

Bei nitakazozitaja ni nilizolipa au nilizotajiwa Nairobi, dola moja ikiwa kama shilingi 130 za Kenya. Kwako zinaweza kupanda au kushuka, lakini uwiano wake ndio wa kuutazama.

Bushi za mpira za asili niliambiwa dola 55 kwa jozi. Uzuri wake ni kwamba ndizo gari lilizoundiwa: hulainisha mtikisiko unaopanda kutoka barabarani, na mikono haichoki haraka. Ubaya wake ni oili, kama nilivyosema, na umri. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni dukani. Kabla ya kulipa, ikunje bushi kidogo uangalie kama kuna nyufa ndogondogo. Ukiziona, mrudishie muuzaji mali yake hata kama boksi lake lina nembo inayopendeza.

Za poliurethani jozi ilikuwa dola 25. Ndiyo, hizi za kisasa ni nafuu kuliko za asili, kwa sababu zinatengenezwa kwa wingi na wanaozitengeneza ni wengi. Ni ngumu zaidi ya mpira, haziharibiwi na oili kwa urahisi, na usukani unaitika papo hapo. Mafundi wengi watakuonya kwamba poliurethani hulia. Onyo hilo ni la kweli kwenye mikono ya saspensheni, ambako bushi inajizungusha kila gurudumu linapopanda na kushuka, na grisi ikikauka kelele inaanza. Lakini bushi ya raki haijizungushi. Imebanwa na klampu, inakaa palepale. Kwa hiyo kasoro kubwa ya poliurethani haina nafasi kubwa hapa, na ndiyo maana hata mtu anayetaka gari lake libaki la asili kila mahali pengine anaweza kuikubali sehemu hii bila wasiwasi. Kinachobaki ni mtikisiko: utausikia mkononi zaidi kuliko zamani. Kwenye lami ni raha. Kwenye barabara ya changarawe, baada ya saa mbili, utaukumbuka mpira.

Njia ya tatu ni ya kwetu: kumpelekea fundi wa kukereza kipande cha nailoni akuchongee. Nilitajiwa shilingi 2,500 kwa jozi, na kazi inakwisha siku hiyohiyo. Nawaheshimu sana mafundi hawa, wamenitoa kwenye shida nyingi. Kwa bushi hizi lakini sishauri, na si kwa sababu ya ugumu wa nailoni peke yake. Tatizo ni kipimo. Unampelekea fundi bushi kuukuu iliyovimba upande mmoja na kuminywa upande mwingine, naye anachonga akifuata kitu kilichokwisha kuharibika umbo. Ukuta wa bushi ukizidi unene, raki inakaa juu au chini ya mahali pake, na tairodi hazilali tena kwa pembe iliyokusudiwa. Matokeo yake gurudumu likipita kwenye shimo au tuta linajigeuza lenyewe, ingawa usukani umeushika imara. Jamaa mmoja alifunga za nailoni, akafanya alaimenti mara tatu akitafuta ugonjwa usiokuwepo kwenye alaimenti. Kama huna njia nyingine, mpe fundi vipimo vya bomba la raki na vya ndani ya klampu, usimpe bushi ya zamani aiige.

Zipo pia za alumini, kwa magari ya mashindano. Hazilegei hata kidogo, na kila jiwe la barabarani litakufikia viganjani. Kwa gari la kutembelea, ziache.

Sasa tuhesabu, maana bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama. Usafirishaji wa kifurushi kidogo kutoka Marekani hadi Nairobi ulinigharimu dola 40, zaidi ya bushi zenyewe. Ushuru, VAT na ada za kutoa mzigo zikaongeza kama shilingi 3,500, na VAT peke yake Kenya ni asilimia 16, Tanzania asilimia 18. Kwa hiyo jozi ya dola 25 ilinifikia kwa takriban shilingi 12,000. Za mpira wa asili, kwa njia ileile, zingenikaribia shilingi 17,000. Fundi alichukua 3,000, alaimenti 2,500.

Nafasi ya kuokoa fedha iko kwenye usafirishaji. Tofauti ya mpira na poliurethani ni shilingi elfu tano hivi, lakini mkiagiza wanne kwa kifurushi kimoja, kila mmoja anaokoa karibu dola 30 za usafirishaji. Wenye magari haya mnajuana. Pigianeni simu kabla ya kuagiza. Na ukiagiza peke yako, weka kwenye kifurushi hichohicho kiungo cha mpira kinachounganisha shafti ya usukani na raki, kwa sababu nacho huchoka, na dalili zake hufanana na za bushi.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji wazi kwamba gari lako ni la usukani wa kulia. Magari mengi ya aina hii yaliuzwa Marekani, na wauza spea wa huko huandika maelekezo wakifikiria usukani wa kushoto. Muulize ipi inakaa upande wa dereva, naye akujibu kwa maandishi.

Kufunga hakuhitaji kuitoa raki yote. Gari likae juu ya stendi, kamwe lisikae juu ya jeki peke yake. Weka alama ya rangi palipo na raki kwenye krosmemba, usukani ukiwa umenyooka. Fungua klampu moja, badilisha, ifunge kwa kushikiza, ndipo uende ya pili. Ukifungua zote mbili kwa pamoja raki itahama pembeni, na utakuja kuendesha moja kwa moja huku usukani umepinda. Safisha oili yote kabla ya kuweka bushi mpya. Poliurethani ni nene kidogo kuliko mpira uliominywa, kwa hiyo klampu inaweza kugoma kufika. Ibane kwa kibano taratibu hadi bolti zishike zenyewe kwa mkono. Usizivute kwa spana huku zimekaa upande, utaharibu meno ya krosmemba, na hiyo ni gharama nyingine kabisa.

Kwangu mimi, kwa 240Z inayotembea lami mwishoni mwa wiki, ni poliurethani. Kwa anayeipeleka changarawe mara kwa mara, na injini yake haivuji, alipe zaidi achukue mpira mpya wa asili. Lakini kabla ya yote mawili, tafuta mtu akuchezeshee usukani, ulale chini ya gari na tochi, uitazame raki. Kipimo hicho ni bure, na kingeniokolea bei ya matairi manne.