Utambi wa Wino

Mwaka aliozaliwa binti yangu niliandika shajara kila usiku, mistari mitano au sita, kwa kalamu za rangi zenye ncha nyembamba kama sindano. Usingizi wake niliuandika kwa zambarau, kunyonya kwa buluu, homa kwa nyekundu, na jambo lolote lililonigusa moyo kwa nyeusi. Siku moja chupa ya maji ilivuja mkobani. Nilipolifungua daftari, kurasa za Machi zilikuwa chapachapa. Nyekundu imekuwa wingu la waridi, buluu haisomeki. Zambarau ilikuwa imefanya kitu cha ajabu: imegawanyika, waridi upande mmoja, buluu upande wa pili. Nyeusi peke yake ilibaki palepale, herufi kwa herufi, kama vile haikuguswa na tone.

Kalamu zote zile zilikuwa za umbo moja na unene mmoja. Kilichozitofautisha kilikuwa ndani, na tangu siku ile nimekuwa nikikichunguza.

Ukiipasua kalamu ya aina hii hukuti wino unaochezacheza. Unakuta kifurushi cha nyuzi laini, mara nyingi za poliesta, kilicholoweshwa wino, na mbele yake kijiti chembamba kinachoishia kwenye ncha. Hakuna pampu, wala gololi kama ile ya bolpeni. Aliyewahi kuwasha kibatari anaifahamu kazi hii tayari, kwa sababu kalamu hii ni utambi. Kama vile utambi unavyoyapandisha mafuta ya taa kutoka koponi hadi kwenye mwali bila kusukumwa na mtu, ndivyo nyuzi hizi zinavyousafirisha wino hadi nchani.

Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, lakini pia hung'ang'ania kuta za kitu kinachoyazunguka maji. Katika mrija safi wa kioo wenye tundu la milimita 1, maji hupanda yenyewe kiasi cha sentimita 3. Lifanye tundu kuwa finyu mara kumi, nayo yatapanda mara kumi zaidi: sentimita 30. Kadiri njia inavyobana ndivyo mvuto unavyozidi. Basi watengenezaji huziacha nafasi za kifurushi ziwe pana kidogo na zile za ncha ziwe finyu zaidi, ili wino uelekee mbele daima. Ukifika nchani hunasa, haudondoki, mpaka ukutane na kitu kikavu chenye vinjia vya kuunyonya. Kitu hicho ni karatasi.

Jambo hili lilinibadilishia mkono. Nilikuwa nikikandamiza kalamu nikidhani nausukuma wino, kumbe karatasi ndiyo inayounywa. Kukandamiza huitawanya ncha tu. Na ukisita katikati ya neno huku ncha imegusa ukurasa, karatasi haisiti nawe: inaendelea kunywa, na doa linatanuka.

Maarifa haya ni ya kale kuliko plastiki. Kalamu ya tete iliyochongwa hupasuliwa ufa mwembamba katikati ya ncha, na ufa huo huuteremsha wino kwa mvuto uleule. Kwa kalamu za namna hiyo waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliipamba misahafu yao kwa nyeusi, nyekundu na manjano. Kalamu ya ncha ya nyuzi tunayoijua leo ilizaliwa Tokyo mwaka 1962 mikononi mwa Yukio Horie, katika kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Pentel. Mwaka 1977 Stabilo ya Ujerumani ikatoa point 88, yenye ncha ya milimita 0.4 iliyozungushiwa kikofia cha chuma, na unene huo ukawa kipimo ambacho wapenzi wa kupaka rangi wengi wanakizoea hadi leo.

Sasa turudi kwenye daftari lililolowa. Wino wa rangi huwa wa namna mbili. Namna ya kwanza rangi yake imeyeyuka majini kama sukari kwenye chai, molekuli mojamoja. Ndiyo inayotoa rangi zinazong'aa, na ndiyo iliyojaa katika pakiti nyingi za rangi nyingi. Ila kilichoyeyuka mara moja huyeyuka tena: tone likirudi, rangi hupanda chombo na kuondoka. Namna ya pili ni pigimenti, yaani chembe ndogo mno zisizoyeyuka, zilizotawanywa tu ndani ya maji. Maji yakikauka, chembe hukwama kati ya nyuzi za karatasi na kugandishwa hapo. Ugumu ulikuwa kuzisaga ziwe ndogo kiasi cha kupita katika ncha bila kuiziba. Sakura ya Osaka ililifanikisha hilo kwa wino wake wa Pigma mwaka 1982. Kalamu yangu nyeusi ilikuwa ya ukoo huo.

Jua nalo lina ubaguzi huohuo. Miale ya urujuanimno huvunja viungo vya molekuli vinavyozaa rangi. Molekuli iliyoyeyuka imekaa peke yake, haina pa kujificha. Katika chembe ya pigimenti, zilizo nje huzikinga za ndani. Picha uliyoipaka rangi ukaibandika karibu na dirisha itakuonyesha tofauti hiyo.

Huhitaji maabara ili ujue una kalamu ya namna gani. Kata ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, weka nukta ya wino juu kidogo ya mwisho wake, kisha chovya ncha ya ukanda majini, nukta ikibaki juu ya maji. Maji yatapanda. Pigimenti itabaki pale ulipoiweka. Rangi iliyoyeyuka itasafiri, na hapo ndipo raha ilipo: nyeusi nyingi hupasuka zikawa buluu, waridi na manjano, kwa kuwa kila molekuli huipenda karatasi na maji kwa kiasi chake, nyingine zikakimbia na nyingine zikachelewa. Njia hii ya kutenganisha ilivumbuliwa na Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Warsaw. Alipitisha rangi za majani katika mrija wa chaki, na mwaka 1906 akaipa jina la kromatografia. Jina lake mwenyewe kwa Kirusi lina maana ya rangi.

Kwa hiyo zambarau yangu haikuharibika ovyo. Ilikuwa buluu na waridi tangu kiwandani, na maji yalizitenganisha tu mbele ya macho yangu.

Anayepaka michoro rangi hukutana na adui mwingine. Ukisugua mahali pamoja mara nyingi, karatasi hutoa vinyweleo. Nyuzi za selulosi hushikana kwa viungo dhaifu ambavyo maji huvilegeza, na ncha huzing'oa zikiwa zimelegea. Dawa yake ni kuchora mistari sambamba badala ya kusugua. Jicho zuri haliwezi kutenganisha mistari ya milimita 0.4 ikiwa umbali wa mita 1.4 hivi, kwa hiyo mistari ya rangi mbili iliyopishana huonekana kama rangi moja ukisimama hatua mbili nyuma, na karatasi inabaki nzima.

Je, kazi hii ya kupaka rangi inatuliza kweli, kama inavyosemwa? Mwaka 2005 watafiti Nancy Curry na Tim Kasser waliwatia wanafunzi 84 wasiwasi kidogo, kisha wakawagawa katika makundi. Waliopewa michoro ya duara yenye mpangilio, na waliopewa miraba, walitulia kuliko waliopewa karatasi tupu. Utafiti mmoja si neno la mwisho, lakini mimi nauamini mkono wangu: mistari ya kufuata inapokuwepo, pumzi hushuka.

Mwezi uliopita nilizifungua tena kurasa za Machi. Binti yangu alitaka kujua lile wingu la waridi lilisema nini. Nilikumbuka kidogo: homa, usiku, mvua juu ya mabati. Tuliyaandika upya pembeni ya wingu lenyewe, mimi sentensi moja, yeye moja, kwa ile nyeusi.