Halali, Haramu na Chungu cha Shirika

Ninyi mliokusanyika darasani, mwombeni msimamizi aandike ubaoni maneno manne: halali, haramu, najisi, mwiko. Yasomeni kwa pamoja, polepole.

Sasa tuyaeleze. Halali ni kitu kilichoruhusiwa na dini. Haramu ni kitu kilichokatazwa na dini. Najisi ni uchafu wa kidini, nao si sawa na uchafu wa macho. Nguruwe hata akioshwa kwa sabuni mpaka akang'aa, kwa Mwislamu yungali najisi. Mwiko ni katazo la ukoo au la desturi, kama vile ukoo fulani kutokula mnyama fulani.

Swali letu la leo ni hili. Sheria zinazokataza wanyama fulani zilitolewa zamani sana. Watu wa siku hizo hawakuwa na barafu ya kuhifadhia nyama, wala bwana afya wa kuikagua. Je, sheria hizo zingali zatuhusu sisi watu wa leo?

Twendeni kwa mawazo hadi soko la samaki la Bagamoyo, pale ufukweni, saa ambayo vyombo vinarudi. Mbele yetu pana changu, pono, papa, taa, pweza, kamba na kaa. Wanunuzi wanne wamesimama.

Wa kwanza ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo Waislamu wengi wa pwani yetu. Yeye anaitegemea Kurani, Sura ya Tano, aya ya 96, inayohalalisha windo la bahari. Kwa hiyo anachukua changu, papa, taa na pweza, wala hahitaji kuwachinja. Lakini kaa anamwacha, kwa sababu wanazuoni wengi wa Shafii wamemkataza mnyama aishiye majini na nchi kavu pia.

Wa pili naye ni Mwislamu, ila ni wa Shia Ithnaasheri. Katika madhehebu yake samaki halali ni yule mwenye magamba. Basi anachukua changu na pono. Papa na pweza anawaacha. Kamba anamchukua, maana huyo ameruhusiwa.

Wa tatu ni Mkristo Msabato. Kanisa lake lililetwa Upare na wamisionari kutoka Ujerumani mwaka 1903, na tangu hapo limeenea nchini. Yeye anafuata Mambo ya Walawi, sura ya 11: kiumbe wa majini aliwe akiwa na mapezi na magamba. Basi changu na pono anawachukua. Papa, taa, pweza, kaa na hata kamba, wote anawaacha. Na akienda mto Ruvu, kambale pia hamli, kwa kuwa hana magamba.

Wa nne ni Mkatoliki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Yeye anachukua chochote apendacho. Lakini msidhani kwamba hana sheria. Siku za Ijumaa za Kwaresima anajinyima nyama, ndipo samaki hao wanapomfaa zaidi.

Mwaona, ndugu zangu? Bahari ni moja, kikapu ni kimoja, na majibu ni manne. Tena Waislamu wawili wamehitilafiana, na Wakristo wawili wamehitilafiana. Basi mtu asiseme, "Waislamu wote hula hivi," au "Wakristo wote hula vile." Aulize kwanza.

Sasa tutoke ufukweni, tuingie bucha. Mwislamu hali nguruwe, na Msabato hali nguruwe. Je, sheria yao ni moja? Sivyo. Mambo ya Walawi yanataka mnyama mwenye kwato zilizopasuka, tena anayecheua. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Ngamia anacheua lakini kwato zake hazikupasuka kama inavyotakiwa. Kwa hiyo Msabato hali nguruwe, na ngamia pia hamli. Mwislamu anamkataa nguruwe kwa amri ya Kurani, lakini ngamia kwake ni halali akichinjwa kwa sheria.

Wako watu wasemao, "Sheria hizi zilikuwa za afya tu. Siku hizi tuna dawa, basi zimekwisha." Tulipime neno hili. Ni kweli kwamba nyama ya nguruwe isiyoiva huweza kumpa mtu tegu. Mayai ya tegu huyo, yatokayo kwa mtu mwenye ugonjwa, yakiingia kinywani kwa mikono michafu au chakula kichafu, huweza kuleta uvimbe mdogo katika ubongo, na kifafa. Kwa hiyo anayekula nguruwe aipike nyama hadi iive kabisa, ajenge choo, na anawe mikono kwa sabuni. Lakini nyama ya ng'ombe isiyoiva nayo ina tegu wake, na ng'ombe ni halali kwa wote wanne. Moto humuua tegu. Moto haubadili haramu kuwa halali. Mwenye dini anatii kwa sababu anaamini Mungu ameamuru. Afya ni faida aliyoikuta njiani.

Basi, sheria hizi zingali na nguvu au hazina? Tusikilize kila upande.

Mwislamu ajibu: zingali na nguvu. Kurani, Sura ya Pili, aya ya 173, imekataza mzoga, damu, nguruwe, na kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mungu. Lakini aya hiyo hiyo yamsamehe mtu aliyeshikwa na dharura, kama njaa ya kufa, ikiwa hakutamani wala hakupita kiasi.

Mkatoliki, na pia Mlutheri na Mwanglikana, wajibu: sheria ya Musa ya vyakula haitufungi. Wanataja Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu alipofundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka moyoni mwake. Wanataja pia Matendo ya Mitume, sura ya 10, Petro alipoonyeshwa shuka lenye wanyama wa kila namna. Mtaguso wa Florence wa Kanisa Katoliki ulilitamka jambo hili mwaka 1442.

Msabato ajibu: maono ya Petro yalihusu watu, yaani kumpokea Kornelio asiye Myahudi, hayakuhusu nyama. Tena wanyama safi na wasio safi walitajwa tangu safina ya Nuhu, kabla Wayahudi hawajakuwapo. Hayuko peke yake: Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, ambalo ni la kale sana, nalo halili nguruwe.

Hapa redio haitakata shauri. Hiyo ni kazi ya shehe, padre na mchungaji, na ya dhamiri ya kila mtu. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini. Sheria ya dini humfunga aliyeikubali dini hiyo. Haimpi ruhusa ya kumfunga jirani yake kwa nguvu.

Tumewahi kuona hasara ya kusahau jambo hili. Mwezi wa Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere, mkoa wa Geita, watu waligombana juu ya nani ana haki ya kuchinja, na mchungaji mmoja akauawa. Nyama huliwa ikaisha siku moja. Roho ya mtu hairudi.

Lakini iko hasara nyingine, ya kimya, nayo hutokea jikoni. Tuseme darasa lenu linataka kupika pamoja siku ya kufunga mwaka. Mmechanga fedha, mmeazima sufuria. Aliyeazimisha aliwahi kupikia nyama ya nguruwe, akanyamaza. Kwa Mshafii, chombo hicho huoshwa mara saba, na mara moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Au mpishi ametia kamba katika mchuzi, akamwambia Msabato, "Kula tu, ni samaki." Hapo hakuna aliyepigwa, lakini jirani amedhulumiwa. Mkatoliki aliye huru kula chochote ana Waraka kwa Warumi, sura ya 14, unaomfundisha asimkwaze ndugu yake kwa chakula. Na mwenye kukataa naye asitoe maneno ya kumtukana anayekula.

Kwa hiyo kumbukeni mambo manne. Uliza kabla ya kupika. Taja kila kitu kilichomo chunguni, hata mafuta. Kwa mnyama wa shughuli ya wote, fuateni desturi ya miaka mingi: mwiteni Mwislamu amchinje, ili wengi waweze kula. Na chombo chenye historia, sema historia yake kabla hakijatoka mlangoni kwako.

Swali la kama sheria za kale zingali na nguvu litaendelea kuzungumzwa na wenye elimu ya dini. Lakini sheria ya kumwambia mgeni kweli juu ya sahani iliyo mbele yake, hiyo wanunuzi wetu wote wanne wanayo, na hakuna dini iliyoifuta.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Eleza tofauti ya haramu na mwiko.
2. Kwa nini Msabato hali kambale, na Mshafii anamla?
3. Darasa lenu likipika pamoja, mtanunua samaki gani ili wote wale? Andikeni majina mawili.
4. Mtu amekuazima sufuria. Utamwuliza nini, nawe utamwambia nini?

Kwaherini, hadi somo lijalo.