Waya Ukikatika Baharini, Mlipaji ni Nani?

Ndugu wafanyakazi, Uganda haina bahari, lakini intaneti ya majumbani mwetu Kampala hupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam, kisha hupanda bara. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini; huku kwetu mtandao ukatambaa kama kobe. Hiyo ilikuwa ajali. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilikuwa amri ya Serikali: karibu siku tano giza tupu.

Na malipo ya mwezi je? Sisi tukikosa siku moja kiwandani, mshahara hukatwa. Basi wauza intaneti nao wakatwe siku walizokosa kutuhudumia. Andikeni tarehe na saa kila mtandao unapokatika, mtunze risiti, mzilete tawini.