Mwani: Shamba la Maji na Haki ya Mama Aliyelima

Twende jikoni kwanza, kisha tushuke pwani.

Nyumba nyingi za Malindi, Mambrui na Kilifi hazikosi faluda mezani pa futari. Kinachoigandisha faluda ile ni agar-agar, nayo hutokana na mwani, yale majani ya bahari tuyarukayo ufuoni tukiyadhani taka. Jamaa zake wengine hutoa ute uitwao karajinani, utiwao katika aiskrimu, dawa ya meno na mafuta ya kujipaka. Kwa Mwislamu jambo hili si dogo. Jelatini ya viwandani mara nyingi hutokana na nguruwe, au na mnyama ambaye hatujui alichinjwaje. Ilhali mwani ni mmea wa baharini, na chakula cha bahari tumehalalishiwa, kama ibainishavyo Sura Al-Maida, aya ya 96.

Wanaoulima mwani katika mwambao wetu, wengi wao ni wanawake. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Huku Kenya, mashamba yajulikanayo zaidi yako Kwale, hasa Kibuyuni, karibu na Shimoni. Kina mama wa Kilifi nao huuliza: je, nasi tutaweza? Kabla ya kujibu, yafaa tuijue kazi yenyewe.

Kazi hii hufuata mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na ufikapo mpevu, maji hupwa mbali, na mama huweza kwenda kwa miguu hadi shambani. Hupigilia vigingi mchangani, akavuta kamba baina yake, akafunga vipande vya mwani mchanga. Hakuna mbolea wala jembe. Mwani hula vilivyomo majini na hunywa mwanga wa jua. Baada ya wiki 6 hivi huwa tayari kuvunwa.

Lakini asidhani mtu kwamba ukishafungwa umekwisha. Hutikiswa ili uchafu na magugu ya bahari yasiushike. Kamba zilizolegea hukazwa. Tafi huja kuula, na mawimbi huukata. Ukivunwa, huanikwa juu ya chanja, si mchangani, na mvua ikiunyeshea huharibika. Kilo moja ya mwani mkavu hutaka kilo 7 hadi 10 za mbichi. Hivyo gunia moja tulionalo ni migongo mingi iliyoinama.

Wafugao samaki wa baharini katika matangi ya vioo wanaijua tabia hii ya mwani. Chini ya tangi la samaki huweka la pili, maji yakazunguka baina ya mawili hayo, na mle chini wakapanda mwani na kuuwashia taa. Mwani hunyonya yatokanayo na kinyesi cha samaki, maji yakasafika. Ila sharti wautunze: kila unapojaa waupunguze na kuutoa. Wakighafilika, huoza, na yote uliyoyanyonya huyarudisha majini. Neema isiyohudumiwa hugeuka dhara.

Sasa tuitazame Kilifi yetu. Mwani wa kupandwa hutaka maji ya chumvi, maangavu, yaliyokingwa na miamba. Mto Sabaki huingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi, na wakati wa mvua hushusha maji matamu na tope jekundu. Hapo si pa kufunga kamba. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu mwaka 1968, nazo zina sheria zake. Kwa hiyo mwenye nia aanze kwa kamati ya ufuo wake na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ajaribu kamba chache, kabla ya kutia akiba ya nyumba majini.

Tusifiche pia uzito wake. Bahari ikipata joto kupita kiasi, mwani hupauka, ukakatika na kupotea. Aina iitwayo kotonii, yenye bei nzuri zaidi, ndiyo dhaifu zaidi kwa joto. Huko Unguja watafiti, miongoni mwao Dkt. Flower Msuya, wamehimiza kupanda katika maji ya kina, na kina mama wenyewe kutengeneza sabuni badala ya kuuza mwani mkavu tu. Lakini kina hutaka chombo na kujua kuogelea, nasi mabinti zetu hatukuwafunza. Hili ni deni letu akina baba. Stara haizuii kuogelea penye faragha na mavazi yanayofaa.

Lipo deni la pili. Mwani ulipoanza Unguja, wapo waume waliowakataza wake zao. Fedha zilipoonekana, baadhi yao waliacha kutoa matumizi. Yote mawili yatazamwe kwa mizani ya sheria. Sura An-Nisa, aya ya 32, imethibitisha fungu la mwanamke katika alichochuma. Chumo la mke ni mali yake, na nafaka ya nyumba inabaki shingoni mwa mume hata mke awe tajiri. Akitoa kwa ridhaa yake kumsaidia mumewe, hiyo ni sadaka yenye malipo mara mbili, kama Mtume (S.A.W.) alivyofahamisha alipoulizwa na Zaynab, mke wa Ibn Mas'ud. Lakini sadaka haidaiwi.

Basi, ndugu yangu, mama wa nyumba yako akirudi pwani na nguo zimerowa, mpokee mzigo. Kisha umwachie fedha yake mkononi mwake.