Kamera ilinasaje risasi iliyompita Trump?

Julai 13, 2024, mjini Butler, jimbo la Pennsylvania, Marekani, mpiga picha wa gazeti la New York Times, Doug Mills, alikuwa karibu na jukwaa akimpiga picha Donald Trump. Milio ikasikika. Mills hakuacha kubonyeza. Baadaye picha moja ikaonesha mstari mwembamba hewani, kando ya kichwa cha Trump. Kumbe ni risasi! Mwaka 2025 kazi yake ya siku hiyo ilimpa tuzo ya Pulitzer.

Iliwezekanaje?

Mills alitumia Sony a1, kamera inayopiga hadi picha 30 kwa sekunde. Kubwa zaidi, ilikuwa kwenye kasi ya 1/8000. Yaani ukiigawa sekunde moja mara 8,000, kila picha ilipokea mwanga kwa kipande kimoja tu. Bila jua kali la siku ile, picha ingekuwa giza.

Piga hesabu. Risasi ya bunduki aina ya AR-15 huenda takriban mita 960 kwa sekunde. Ndani ya 1/8000 inasogea sentimita 12, ndiyo maana ilitoka kama mstari. Kwa 1/500, kasi inayotosha kabisa kwa mtu anayetembea, ingesogea karibu mita 2 na isingeonekana.

Lakini kati ya picha moja na inayofuata, risasi hiyo huenda zaidi ya mita 30. Kwa hiyo bahati nayo ilikuwepo, tena kubwa.

Viwanjani shida ni hiyohiyo. Kamera za zamani zina kioo kinachopanda na kushuka kila picha, kwa kelele. Kwenye gofu, mpiga picha alilazimika kusubiri mchezaji apige kwanza. Hizi mpya hazina kioo, zinapiga kimya.

Bado kuna kasoro. Kamera nyingi, hata ya simu yako, husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo fimbo ya gofu ikizungushwa kwa kasi inaweza kutoka imepinda. Sony a9 III, iliyotangazwa Novemba 2023 kwa karibu dola 6,000 bila lenzi, husoma picha nzima kwa mpigo mmoja, hadi picha 120 kwa sekunde.

Hata kwa kasi hiyo, risasi ile ingesogea mita 8 kabla ya picha inayofuata.