Utumwa uliisha lini Njombe? Jibu si 1873

Simama stendi ya Makambako uulize utumwa uliisha lini. Wengi watakwambia 1873, Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa Zanzibar. Ndivyo tulivyokariri shuleni, pamoja na majina ya Livingstone na John Kirk.

Lakini mkataba ule ulihusu masoko na kusafirisha watu baharini. Aliyekuwa mtumwa huku bara alibaki mtumwa. Sheria iliyoufuta utumwa wenyewe Tanganyika ilitoka 1922, chini ya Waingereza. Ni karibu miaka 50 baadaye!

Kwa nini ilichelewa hivyo?

Mwanahistoria Jan-Georg Deutsch alilichimba swali hili kwenye kitabu chake cha 2006 kuhusu utumwa enzi za Wajerumani.

Wajerumani waliingia kwa kelele za kuupinga. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka uliofuata Bunge la Ujerumani likapitisha fedha za kumtuma Wissmann apigane na Abushiri huku pwani, na sababu iliyotajwa ni hiyo hiyo.

Walipokwisha kutawala, hawakuufuta. Waliogopa kuwaudhi matajiri na watawala wa kienyeji waliowategemea, na waliogopa kukosa vibarua. Wakaja na hatua za nusunusu: 1901 mtumwa akaruhusiwa kujikomboa kwa malipo, kisha ikaamriwa kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Mama yao je? Aliendelea kuwa mali ya mtu.

Hoja kubwa ya Deutsch ni kwamba kazi ya kuumaliza utumwa ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa wenyewe. Walitoroka, wakahamia kwingine, wakavutana na mabwana zao, wakatafuta kazi za mshahara.

Wanawake waliojikomboa

Marcia Wright wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, ndiye aliyetupa sura za watu hao. Kitabu chake cha 1993 kimekusanya simulizi za maisha ya wanawake waliopitia utumwa katika ukanda wa kati ya Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na Kongo.

Mmoja ni Bwanikwa, kutoka upande wa Katanga. Baba yake alifiwa na mke mkubwa, ukweni wakadai fidia ya watumwa, wakapungua. Akamtoa binti yake kujaza idadi. Bwanikwa alibadilishwa mikono mara kumi. Mwishowe alijikomboa kwa kumlipa mume wake bunduki, maana hata kwa mumewe alikuwa ni mtu wa kununuliwa.

Nilirudia hapo mara mbili. Huyu mama kwenye orodha ya wapinga utumwa tuliyokariri hayumo.

Na kwetu Ubena?

Karne ya 19 Ubena ilikuwa katikati ya moto. Kaskazini Wahehe, kusini Wangoni, na wote walivamia na kuondoka na mateka. Mateka wengi wa Wangoni walikaa huko huko Songea, wakaoa, wakaolewa, wakaitwa "sutu". Wajukuu zao leo ni Wangoni tu.

Wright huyo huyo aliandika mapema zaidi, 1971, kuhusu wamisionari wa Kilutheri na Kimoraviani Nyanda za Juu Kusini, wakiwemo Wajerumani wa Berlin waliofika Ubena mwishoni mwa miaka ya 1890. Na James Giblin alitoa 2005 kitabu kizima juu ya Njombe, kilichojengwa sana kwa mahojiano na wenyeji: jinsi familia zilivyokuwa kimbilio pale serikali ilipowaona watu kama vibarua tu wa kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge. Manamba, kwa lugha ya wazee.

Vitabu vyote hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, na kuvipata Njombe mjini si mchezo.

Ila piga hesabu kidogo. Mzee aliyezaliwa 1940 huenda alilelewa na bibi aliyekuwa mtu mzima kabla ya sheria ya 1922. Mambo haya hayazungumzwi ovyo. Kwenye koo nyingi kumwambia mtu asili yake ni mateka ni tusi.

Kama unaye mzee wa umri huo, Uwemba au Lupembe, na yuko tayari kuongea, muulize bibi yake alitoka wapi. Simu hiyo unayosomea hapa inarekodi sauti.