Kopo la Unga Linaongeza Kilo Ngapi?

Picha za makopo ya unga wa kuongeza nguvu humfikia kijana wa Lubarika kwenye simu kabla kopo lenyewe halijafika dukani. Katika bonde la Ruzizi, nchini Kongo, kazi ni kubeba magunia ya mpunga, kulima muhogo au kusukuma baiskeli yenye mzigo hadi kwenye barabara ya Uvira, kwa hiyo nguvu si mapambo, na anayeahidi kuiuza husikilizwa upesi. Ahadi za wauzaji zinafanana, lakini ushahidi wa kisayansi ulio nyuma yake haufanani hata kidogo: kwa kitu kimoja ni mzuri, kwa kingine ni wa kadiri, kwa vingi haupo. Tena hata pale ulipo mzuri, nyongeza inayopatikana ni ndogo, na imepimwa zaidi kwa watu walioshiba tangu utotoni. Hilo la mwisho halijaandikwa kwenye kopo lolote, nalo ndilo linalopaswa kuamua mtu wa bonde hili atumie wapi pesa zake.

Tuanze na unga wa protini, maana ndio unaouzwa zaidi. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Robert Morton wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walikusanya majaribio 49 yaliyohusisha watu 1,863 waliokuwa wakiinua vyuma, baadhi wakipewa protini ya ziada na wengine wakipewa kinywaji kisichokuwa nayo. Mazoezi peke yake yaliongeza uzito ambao mtu aliweza kuinua mara moja kwa wastani wa kilo 27 hivi. Protini ya ziada iliongeza kilo 2.5 juu ya hapo. Ni nyongeza ya kweli, wala haikutokana na bahati, ila msomaji aziweke namba hizo mbili pamoja aone ni ipi iliyofanya kazi. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mtu akishafikisha gramu 1.6 hivi za protini kwa siku kwa kila kilo ya mwili wake, kuzidisha hakumletei misuli zaidi. Kwa mwenye kilo 60 hiyo ni gramu 96. Na mwili hauulizi protini imetoka kwenye kopo au kwenye sufuria: gramu 40 za ndagala mkavu zina protini karibu sawa na kijiko kile kikubwa cha plastiki kinachozikwa ndani ya unga.

Kreatini ina hoja yenye nguvu zaidi. Si dawa ya kigeni mwilini. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitambua kwenye nyama mwaka 1832, na kila mtu huitengeneza mwenyewe, gramu moja hivi kwa siku, huku nyingine akiipata kwa kula nyama na samaki. Karibu yote hukaa kwenye misuli. Pale unapoinua gunia kwa ghafla, misuli huteketeza akiba yake ya nishati kwa sekunde chache tu, na kreatini ndiyo inayoijaza upya haraka kuliko njia nyingine yoyote ya mwili. Mwaka 1992 Roger Harris na wenzake walionyesha kwamba kuimeza, gramu 20 kwa siku kwa siku chache, huongeza kiasi kilichomo kwenye misuli. Baadaye ikaonekana gramu 3 kwa siku kwa mwezi mmoja hufika palepale bila pupa. Na nguvu je? Mapitio ya Eric Rawson na Jeff Volek ya mwaka 2003, yaliyotazama majaribio 22, yalikuta kwamba waliofanya mazoezi bila kreatini waliongeza nguvu kwa asilimia 12, na waliofanya mazoezi wakiitumia kwa asilimia 20. Tofauti ni asilimia 8, na hakuna unga mwingine halali wenye rekodi kama hiyo. Lakini faida hiyo ni ya juhudi fupi na kali, yaani kuinua, kuruka, kukimbia mita mia. Anayepalilia kutwa nzima juani asitarajie msaada mkubwa kutoka kwake.

Wapo watakaojibu kwamba wametumia kitu ambacho sayansi haikisifu na nguvu zikaja. Sina sababu ya kuwaita waongo, maana nguvu zinaweza kuja kweli na sababu isiwe kopo. Katika wiki za kwanza za kuinua vyuma, sehemu kubwa ya maendeleo hutokana na ubongo na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamsha misuli iliyokuwepo tayari; kwa hiyo anayeanza mazoezi na kopo siku moja atalisifu kopo kwa kazi ya mazoezi. Imani nayo inabeba mzigo wake. Mwaka 1972 Gideon Ariel na William Saville walichapisha jaribio ambamo wainua vyuma waliambiwa wanapewa steroidi za kujenga misuli, kumbe vidonge havikuwa na dawa yoyote. Wakaongeza nguvu kwa kasi kuliko wiki zilizotangulia. Ndiyo maana jaribio lisilo na kundi la kulinganisha halimshawishi mtaalamu, hata likiwa na picha mia za kabla na baada.

Vilivyobaki havistahili kurasa nyingi. Kafeini husaidia nguvu kidogo, na kikombe cha kahawa iliyolimwa Kivu kinayo bila tangazo. Beta-alanini inafaa kwa juhudi kali ya dakika moja hadi nne hivi, si kwa kuinua uzito mkubwa mara moja. Vidonge vya mbigili, ule mmea ambao kitaalamu huitwa Tribulus terrestris na ambao husifiwa kuamsha homoni za kiume, vilijaribiwa kwa wachezaji wa raga nchini Australia mwaka 2007 na havikuongeza kitu. Panapotokea kidonge cha aina hiyo kinachofanya kazi kweli, ndipo pa kuogopa zaidi. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilichunguza bidhaa 634 kutoka nchi 13, na 94 kati yake zilikuwa na homoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Huko Marekani kwenyewe, sheria ya mwaka 1994 haimdai mtengenezaji athibitishe kwamba bidhaa yake inafaa kabla ya kuiuza.

Kuna pingamizi moja ninaloliona kuwa zito. Majaribio yameonyesha kwamba wasiokula nyama huanza na kreatini ndogo kwenye misuli, na wakiimeza hufaidika kuliko wengine. Je, anayekula ugali wa muhogo na sombe, samaki mara mojamoja, si ndiye anayelihitaji kopo kuliko mzungu mla nyama? Kwa kreatini peke yake, huenda ndiyo. Ila kreatini haina protini ya kujengea misuli wala nishati ya kuitosheleza siku ya kazi, na haina madini ya chuma ambayo mwenye upungufu wa damu anayakosa. Unga wa muhogo una protini chini ya gramu 2 kwa kila gramu 100. Maharagi makavu yana 22 hivi, karanga 25. Mwenye pengo hilo akinunua kreatini amepaka rangi nyumba isiyo na paa. Ni kweli kwamba ndagala naye ana bei, na bei hiyo hupanda mwezi unapong'aa, kwa sababu wavuvi wa Ziwa Tanganyika humvuta kwa taa na taa haishindani na mbalamwezi. Siku hizo maharagi na karanga za bondeni zinabaki palepale. Tena unga huchanganywa na maji, na katika eneo la Uvira, ambako kipindupindu hakijaisha kwa miaka mingi, maji yasiyochemshwa yanaweza kumtoa mtu nguvu zote kwa siku moja.

Hofu ya figo, kwa upande wa kreatini, imekuzwa. Kwa watu wazima wenye afya, tafiti hazikuonyesha madhara ya figo kwa dozi za kawaida. Kinachotokea ni kwamba kreatinini, taka yake inayopimwa kwenye damu, inaweza kupanda kidogo na kumshtua anayesoma majibu, hivyo mtumiaji na aseme mapema anapopimwa. Mwenye ugonjwa wa figo, huyo aiache kabisa.

Hatari iliyo karibu zaidi haiko kwenye makopo. Ni vidonge vya deksametasoni na ciproheptadini, ambavyo nchini Kongo hutumiwa bila daktari ili kunenepa, jambo ambalo watafiti wa Kinshasa wameliandikia. Deksametasoni nayo huitwa steroidi, na hapo ndipo wengi huichanganya na zile za wainua vyuma. Ni ukoo mwingine wenye tabia ya kinyume: hujaza uso na tumbo huku ikila misuli ya mapaja na mabega, hadi mtu anayeonekana kanona ashindwe kuinuka alipochuchumaa. Huongeza sukari ya damu, hudhoofisha mifupa na kupunguza kinga. Na aliyeimeza kwa wiki nyingi asiikate ghafla, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo zimeacha kutengeneza homoni yake ya asili na zinahitaji muda kuamka. Aende kituo cha afya na pakiti yake mkononi, apunguziwe dozi hatua kwa hatua.